Mkongojo wa Bi. Mwanakombo na Kaseti Tatu za Mkondo

Juzi mlinijia barazani hapa Kibokoni, nyinyi wawili na simu moja, mkanitia kidude sikioni kabla hata sijaipokea salamu yenu vizuri. Nikasikia wimbo wa kaseti yetu ya tatu. Mkaniuliza, "Mzee Kiguu, huu mdundo unaogonga kong', halafu unakawia, halafu kong' tena, mliutoa kwa mashine gani? Tumetafuta kila mahali, hatuupati." Kisha mmoja wenu akasema mnataka kuuchukua muutie katika wimbo wenu, ila mtauongeza kasi na kuunyosha, maana unachechemea.

Nikawaambia nitawajibu kwa maandishi. Mimi siwezi kukaa kitako nikahadithia; nikifika katikati ya maneno miguu hutaka kwenda. Hata haya nimeyaandika vipande vipande, kidogo nyumbani, kidogo mkahawani Mwembe Tayari, kidogo kwenye benchi la kinyozi nikiwa sina hata nywele za kunyolewa. Msione ajabu nikiruka.

Jina la Kiguu si la kuzaliwa. Shule niliiacha mapema. Mwalimu akigeukia ubao mimi nimeshatoka, kwa kuwa nje kulikuwa na kitu kinalia na nilitaka kujua ni nini. Mama akanipachika: kiguu na njia. Nimekuwa utingo wa malori pale Makupa, nimepaka rangi meli, nimeuza saa, nimetengeneza redio Bondeni. Kila kazi niliifanya mpaka nikaijua, na nikishaijua, nikachoka. Moja tu sikuichoka, nayo ni kurekodi sauti za watu, kwa sababu sijaijua mpaka leo.

Nianze na chumvi. Nyinyi mnaweka kila kitu ndani ya simu, hamjui chumvi ya pwani ilivyotutesa. Upepo wa hapa hula waya. Unachomelea leo, baada ya miezi kadhaa unafungua unakuta kutu ya kijani, na spika inakoroma kama mgonjwa. Kichwa cha rekoda nilikifuta kwa pamba na spiriti kila asubuhi kama mtu anayepiga mswaki. Siku nilipoacha, nyimbo zote zilisikika kama zinaimbwa chini ya blanketi. Hata sasa, na simu zenu, kifuteni kile kitundu cha maikrofoni. Kina uchafu, nimekiona.

Haya, bendi yetu ya Mkondo. Walikuwa watu wanne. Abdu alipiga kinanda cha umeme na ndiye aliyekuwa na mawazo. Dada yake Zuhura aliimba. Onyango, karani wa reli, alikuwa na gitaa. Na Katana, mtu wa Kaloleni aliyekuwa kuli pale Kilindini, alipiga ngoma. Mimi nilikuwa fundi wao wa sauti.

Mabaharia waliokuwa wakishuka Kilindini waliacha kaseti za Ulaya, za muziki ulioitwa wimbi jipya: gitaa linakatakata kama mkasi wa fundi cherehani, kinanda kina baridi, na mwimbaji anaimba kama mtu aliyekasirika asiyetaka kukwambia kwa nini. Abdu akasikiliza, akapagawa. Akasema na sisi tutakuwa wimbi jipya.

Zuhura akamuuliza, "Na huko kwenye wimbi jipya watu wanakula nini?"

Jibu lilikuwa harusi. Bendi changa Mombasa wakati ule haikuwa na pengine pa kupata riziki. Kwa hiyo tukapiga gitaa letu la mkasi na kinanda chetu cha baridi mbele ya kina mama wa Mji wa Kale, kwa maneno ya Kiswahili, wakatupokea vizuri kuliko tulivyostahili.

Sasa hapa sikilizeni, kwa sababu bila hili hamtaelewa lolote. Sherehe zile zilikuwa za wanawake watupu. Zuhura alisimama nao ukumbini, lakini sisi wanaume tuliwekwa nyuma ya pazia. Wenye nyumba walitundika leso mbili tatu kwenye kamba, sisi tukapiga huku hatuoni kitu. Abdu alisimama nyuma ya kinanda chake, mbele ya macho yake ni maua ya leso tu. Onyango vivyo hivyo. Ila Katana aliketi kwenye kigoda kifupi, na pazia halikufika chini. Yeye pekee aliona miguu.

Na miguu ndiyo iliyokuwa ikiongoza wimbo. Mama wa bibi harusi anataka kuja mbele kumtunza mwimbaji pesa, anatoka kule mwisho wa ukumbi. Shangazi naye anajibu, anakuja na wenzake. Mpaka wafike, wacheze, warudi, mwimbaji hawezi kuanza ubeti mwingine. Katana alikuwa akiiona ile miguu inakuja, anaendelea kuzungusha, na sisi tunamfuata. Miguu ikiondoka, anagonga mara moja kwa nguvu, Zuhura anaanza. Hatukuwahi kulizungumza jambo hili. Tuliona ndivyo ngoma ilivyo.

Kaseti ya kwanza tuliirekodi Biashara Street, katika stoo ya duka la leso. Mwenye duka alikuwa jamaa ya Abdu. Marobota ya leso yalipangwa mpaka darini, na sikujua wakati ule kwamba nguo hunywa sauti. Ukipiga kofi mle ndani, kofi linakufia mkononi. Ndiyo maana kaseti ile inasikika kavu, karibu, kama Zuhura amekuinamia sikioni. Watu wakasema tuna siri. Siri ilikuwa marobota. Mkitaka kurekodi sauti kavu, ingieni kabati la nguo la mama yenu, mkaombe ruhusa kwanza.

Nyimbo zile zilikuwa ndefu. Katana alizipiga kama alivyozoea harusini, mle mle stoo, akiacha nafasi za watu kuja na kurudi, wakati hakuna mtu yeyote ila mimi na panya.

Ya pili ilikuwa habari nyingine. Tulikuwa tumeshajulikana. Tukapata studio ya kweli huko Ganjoni, yenye kiyoyozi na mlango mzito. Mwenye studio akatuambia redio haipigi wimbo mrefu. Na Katana zamu zake bandarini hazikueleweka. Meli ikiingia, haonekani. Abdu akaleta mashine ya ngoma, kijisanduku cheusi chenye vitufe, alichonunua kwa baharia.

Msidhani kulikuwa na ugomvi. Katana mwenyewe aliipenda. Aliibonyeza akacheka mpaka akakaa chini.

"Huyu Bwana Mashine hachelewi," akasema, "haombi chai, wala mke wake hajifungui siku ya harusi ya watu. Mwacheni afanye kazi. Mimi nitakuja kubeba spika."

Kaseti ya pili ni nzuri, sitawadanganya. Inang'aa. Gitaa la Onyango linakata kwelikweli, ngoma iko palepale kama msumari. Zile nafasi ndefu Abdu alizitoa zote, kwa kuwa studioni zilisikika kama watu waliosahau la kufanya. Redio ikatupiga asubuhi na jioni. Madereva wa malori Makupa waliiimba. Mimi nilikuwa nikipita pale kwa makusudi, nikisikiliza kutoka lori hadi lori.

Ndipo tukaalikwa kwenye ile harusi.

Nyumba kubwa, alasiri, ukumbi umejaa udi na asumini. Sisi nyuma ya pazia na Bwana Mashine juu ya stuli. Katana amekuja kubeba spika kama alivyoahidi, akakaa juu ya sanduku la nyaya kwa kuwa kigoda chake hakikuwa na kazi. Tukapiga nyimbo za kaseti ya pili. Nje ya pazia vigelegele. Kila kitu sawa, ila Zuhura alikuwa akigeuka geuka, nikimwona kivuli, kama mtu anayesukumwa mgongoni.

Kisha ukafika wakati wa nyanya. Katika nyumba ile, bibi harusi hatolewi nje kuonekana mpaka nyanya yake apite mbele na leso mabegani, acheze hatua zake, amwombee. Nyanya alikuwa Bi. Mwanakombo, mwanamke mkubwa, mwenye mguu mmoja mbovu na mkongojo wa mpingo. Abdu akabonyeza kitufe, wimbo ukaanza, Bi. Mwanakombo akaondoka kitini kule mwisho.

Katana alikuwa ameinama, tabia ya zamani. Ghafla akamshika Abdu suruali.

"Rudisha! Nyanya yuko njiani!"

"Nirudishe wapi? Wimbo unakwisha!"

"Unakwishaje na mtu hajafika?"

Ukaisha. Tap! Kama mlango uliofungwa na upepo. Zuhura akabaki na mdomo wazi, Bi. Mwanakombo akabaki katikati ya ukumbi, mkongojo hewani. Abdu akabonyeza aurudishe, akakosea kitufe. Mashine ikahesabu tik tik tik tik, ikaanza wimbo wa kasi kuliko zote, ule wa vijana kurukaruka. Wasichana wakacheka. Hawakumcheka yeye, walicheka lile jambo lilivyokuwa, lakini mtu mzima aliyesimama peke yake katikati ya watu hawezi kutenganisha.

Tukasikia mkongojo ukigonga sakafu. Mara moja. Abdu akang'oa waya ukutani.

Na katika kimya kile, sauti ya Bi. Mwanakombo, kwa Kimvita chake cha kale: "Mashine yenu haina mato? Mumeniwata ndiani." Yaani mashine haina macho, tumemwacha njiani.

Akaagiza kiti, akakaa palepale katikati. "Sendi mbele wala sirudi nyuma. Mimi siwatwi ndiani mbele ya wakwe."

Bibi harusi ndani, mapambo yamekwisha, hawezi kutoka. Wakwe wananong'onezana. Mwishowe kina mama wenyewe wakachukua sinia za shaba jikoni, wakazigonga kwa vijiko, wakamzunguka nyanya yao, wakamwimbia polepole mpaka akainuka. Wakamfikisha. Na sisi wanaume watatu na fundi wao, nyuma ya pazia, tumekaa kama watoto waliofungiwa chumbani.

Tulipofunga vyombo, nilimwona Katana anakunja waya kwa kuuzungusha kwenye kiwiko. Waya haukunjwi hivyo. Unakunjwa kwa kitanzi mkononi, moja ndani moja nje, ama sivyo unavunjika roho. Katana alilijua hilo kuliko mimi. Nikajua kumeharibika.

"Mimi kesho nina zamu," akasema. "Na kesho kutwa. Na siku zinazofuata. Kuanzia leo mimi ni mtu wa makontena."

Abdu akasema, "Katana, mashine naweza kuifundisha."

"Ifundishe kuinama kwanza."

Zuhura aliyasikia hayo kutoka upande wa pili wa pazia. Akasema, "Basi na mimi sina sauti. Kile kidude kinanivuta nywele. Leo nzima nimeimba kama mtu anayekimbizwa na mbwa." Akavaa buibui lake akaenda nyumbani.

Huo ulikuwa mwisho wa Mkondo, kama tulivyoona. Na iliniuma zaidi ya nilivyotegemea, mimi niliyeacha kazi nyingi bila kugeuka nyuma. Nikaanza kutembea. Asubuhi niko kwa Abdu, mchana niko lango la Kilindini, jioni niko kwa Zuhura nikizungumza na mama yao dirishani. Nilimaliza soli ya viatu.

Siku moja Katana akatoka langoni, akaniona.

"Umetumwa?"

"Sikutumwa. Miguu imenileta."

"Basi ikurudishe."

"Katana, Abdu anasema kigoda chako kipo. Anakuomba radhi."

Akasimama. Malori yanapita, vumbi, yeye amesimama tu. "Ananiomba radhi mimi? Na yule nyanya mmemwendea?"

Nikasema bado.

"Kiguu, unazunguka mji mzima na hukufika pale? Mimi nimekosewa nini? Nimepumzishwa kupiga ngoma, basi. Yule ameaibishwa mbele ya wakwe zake, nyinyi mnabembelezana wenyewe kwa wenyewe!"

Siku ya Ijumaa, watu walipotoka msikitini, tukaenda sote kwa Bi. Mwanakombo, na haluwa na birika la kahawa. Katana alikuja na nguo zake za kanisani, akasema mapema kwamba anakuja kwa ajili ya nyanya, si kwa ajili yetu. Abdu alikuwa amekonda.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, wajukuu zangu. Nani katika nyinyi ndiye mashine?"

Abdu akainamisha kichwa. Akasema alilokuja kusema, vizuri, bila kujitetea. Bi. Mwanakombo akamsikiliza huku akila haluwa. Kisha akamgeukia Katana.

"Na wewe, mpiga ngoma, siku ile ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya pazia, nyanya. Nikiiona miguu yako."

"Ukaona nini?"

"Makubadhi mekundu. Mguu wa kushoto unatangulia, wa kulia unauliza kwanza."

Yule mzee akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Akasema, "Wallahi huyu ana mato. Basi nipigieni. Ile ndia yangu nilimalizishwa na sinia za jikoni. Nataka kuimaliza na nyinyi wenyewe mlioikata."

Ngoma hatukuja nazo. Katana akatoka uani akarudi na karai la kufulia, akaligeuza, akakaa sakafuni. Zuhura akasimama mlangoni. Na mimi, rekoda haikuwahi kubanduka begani mwangu, nikaitoa.

"Nyanya, naomba nichukue sauti hii."

"Sauti ya mzee yakufaani?"

"Sijui bado."

"Chukua. Lakini usinikimbize."

Nikaweka maikrofoni chini, juu ya leso iliyokunjwa, ili sakafu isiitikise. Bi. Mwanakombo akatoka chumbani kuja dakani, pale penye mlango wa kuingilia. Kong'. Akakawia. Kong'. Katana akamfuata. Sijawahi kumsikia akipiga vile. Alikuwa akiweka vidole katika ile nafasi ya kungoja, polepole, kama mtu anayemshika mzee mkono bila kumvuta. Zuhura akaimba maneno ya ule wimbo uliokatika, na kwa mara ya kwanza tangu kaseti ya pili nikamsikia akivuta pumzi. Nyanya akafika dakani, akacheza hatua zake, akatushika vichwa mmoja mmoja akituombea. Abdu alilia. Naandika kwa kuwa mwenyewe hakatai.

Hiyo ndiyo mashine mliyoniuliza, vijana. Mpingo juu ya sakafu ya Kibokoni.

Kaseti ya tatu tuliirudisha stoo ya Biashara Street, kwenye marobota. Nilikata kipande cha tepu chenye hatua zake, nikakiunganisha kichwa na mkia kikawa duara, kikawa kinazunguka kwenye rekoda na kupita shingo ya chupa ya soda niliyoisimamisha mezani ili kisilegee. Sauti ikawa inajirudia yenyewe. Abdu akasikiliza, akachukua wembe.

"Hapa pamezidi kidogo. Nikipunguza, zitakuwa sawasawa."

"Wamnyosha nyanya?" akauliza Katana.

Abdu akaurudisha wembe kwenye karatasi yake. Mashine nayo ilitumika, msidhani tuliitupa baharini. Ipo kwa mbali, inakuna kuna kama mende. Lakini aliyeshika wimbo ni Katana, na aliyemshika Katana ni ule mkongojo. Ndiyo sababu kaseti ya kwanza ni kavu na ndefu, ya pili ni safi na ya haraka, na ya tatu inachechemea. Wapo waliosema Mkondo wamezeeka ghafla. Redio iliipiga kidogo ikachoka. Mabaharia walinunua, sijui waliipeleka wapi.

Baadaye mdogo wake yule bibi harusi naye akaolewa, na Bi. Mwanakombo mwenyewe akatuma tuitwe. Abdu hakulala. Nyumba ileile, pazia lilelile, leso nyingine. Katana kwenye kigoda. Ukafika wakati wa nyanya, tukaanza.

Kong'. Kong'. Nikahesabia kichwani kuwa amefika katikati. Halafu kimya. Mkongojo haukugonga tena.

Abdu akamtazama Katana. Zuhura akamaliza ubeti, akaurudia, akaurudia tena. Onyango akaninong'oneza, "Ameanguka?" Nikataka kuchungulia, nikakumbuka adabu.

Katana alikuwa ameinama, mikono inazunguka bila haraka.

"Yuko palepale," akasema. "Amesimama pale tulipomwacha siku ile. Anatupima."

Tukapiga. Tukazungusha, tukazungusha, ukumbi mzima umenyamaza, hata wasichana. Mimi, mtu nisiyekaa, nilikaa. Kisha upande wa pili wa pazia tukasikia kicheko cha mzee, kifupi, na baada yake, bila pupa: kong'.

Basi, nimewajibu. Sauti ile mtaikuta kwa mke wangu, amewawekea. Chukueni kwa sharti nililopewa mimi na nyanya. Msingoje nije kuwafungulia mlango. Sitakuwepo, kuna fundi mmoja Tudor nasikia ametengeneza spika kwa mtungi, na mimi lazima nikaone.